Siku ya Nane Baada ya Arosto

Usiku wa tatu mdogo wangu aliniita kwa sauti ya chini kupitia upenyo wa mlango. "Dada, waambie wanikate huu mguu." Alikuwa chumba cha uani, nyumbani kwa mama mdogo, Ngamiani, mjini Tanga. Kufuli lilikuwa kwa nje na ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga ya mama yake. Hakufungiwa kwa ukatili. Aliomba mwenyewe, ili aache vidonge vya maumivu alivyovizoea: "Mama, nifungie siku saba, na hata nikilia usinifungulie." Mama mdogo akatimiza neno la mwanawe, akawa analala barazani karibu na mlango ule ili amsikie.

Mguu aliotaka ukatwe ni wa kulia, ule uliovunjika alipoanguka na bodaboda barabara ya Pongwe. Mfupa ulishaunga zamani na eksirei ilionyesha hivyo. Lakini usiku ule aliapa kwamba umevunjika upya, na sisi tuliokuwa nje tulianza kuamini.

Siku ya saba alitoka. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, lakini alikula, akaoga, akacheka na majirani. Mama mdogo akapika pilau na kuwaita watu. Siku ya nane, saa za alasiri, tulimkuta kitandani anakoroma mkoromo mzito wenye vituo virefu, midomo imeingia rangi ya zambarau kama aliyekula zambarau kweli. Jirani yetu mmoja ndiye aliyemgeuza ubavu, akamfungua kinywa, akaanza kumpulizia pumzi huku wengine wakikimbilia bajaji. Alipona. Naandika kwa sababu ya siku hiyo ya nane.

Hapa Tanga ukigusa habari ya kuacha dawa, watu wote wanazungumzia arosto (wengine wanasema alosto, ni neno lilelile): mateso yanayompata mtu dawa inapomwishia mwilini. Sisi tuliichukulia arosto kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Tukahesabu siku kama mtu anayehesabu homa, tukaamini ikishuka basi mtu amepona. Nafundisha baiolojia sekondari, na mimi pia niliamini hivyo. Arosto ni sehemu inayoonekana kwa macho, na inaumiza kweli. Hatari kubwa iko baada yake, wakati kila mtu nyumbani ameshashusha pumzi.

Kilianza na cheti halali

Dawa yenyewe ilikuwa tramadoli, kidonge cha rangi mbili cha miligramu 50. Aliandikiwa baada ya upasuaji, wiki mbili tu, na wiki mbili zile ilimsaidia sana. Cheti kilipoisha, akanunua mwenyewe. Ni dawa ya cheti, lakini kuna maduka yanayouza bila kuuliza, na kijiweni kwa bodaboda kuna wanaoigawa kama pipi, kwa kuwa mtu akiinywa anaweza kuendesha tangu alfajiri hadi usiku wa manane bila kusikia mgongo. Baada ya mwaka alikuwa anakunywa vidonge kumi kwa siku, miligramu 500. Kiwango cha juu ambacho daktari humruhusu mtu mzima kwa siku ni 400.

Tramadoli imo katika jamii ya dawa za afyuni, pamoja na mofini, kodini, pethidini na ile heroini ambayo mtaani tunaiita unga. Zote zinakwenda kukaa sehemu zilezile za ubongo na uti wa mgongo, kwenye vipokezi ambavyo mwili umeviweka kwa ajili ya dawa zake wenyewe za maumivu. Maana mwili unazo. Ndizo zinazomfanya mtu aliyejikata na panga shambani atembee hadi nyumbani ndipo asikie uchungu. Tramadoli ilitengenezwa Ujerumani na kuanza kuuzwa huko mwaka 1977, na kwa miaka mingi ilisifiwa kuwa ni ndugu mpole wa mofini. Ni mpole kwa kipimo kidogo. Anayekunywa kumi kwa siku hauoni tena upole huo.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na kuyachanganya kunaumiza wagonjwa. La kwanza ni mwili kuizoea dawa. Mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini ya maji kila baada ya saa nne, mwili wake utaizoea, na ukimkatisha ghafla atapata arosto kama mtu mwingine yeyote. Huyo si teja. Hajaiba, hajadanganya, na wala haitamani dawa. Anataka alale bila maumivu. La pili ni uraibu: pale ambapo mtu anaendelea kutumia huku akiona wazi kwamba inamharibia kazi, ndoa na afya, anajiapiza leo ataacha, na kesho akili yake yote imeelekea dukani. Bibi zetu wenye saratani wananyimwa mofini kwa hofu ya jambo la pili wakati walilonalo ni la kwanza tu. Na vijana wetu wanaambiwa wamepona kwa kuwa la kwanza limeisha, wakati la pili bado limekaa palepale.

Ngalawa na upepo

Namna bora niliyopata ya kueleza arosto ni ngalawa. Aliyewahi kutoka na wavuvi wa Mtangata au hata kuwaangalia kutoka Raskazone anajua: upepo ukivuma kwa nguvu, mabaharia huenda kukaa kwenye tengo, ule mti unaotokeza ubavuni mwa chombo, la upande upepo unakotokea, wanalemea kwa uzito wao ili chombo kisilale. Upepo ukizidi, anatoka mwingine, kisha mwingine, hadi wote wako nje juu ya maji. Chombo kinakwenda sawa, na aliye mbali haoni kwamba kuna nguvu mbili zinazoshindana.

Dawa ni ule upepo. Inatuliza kila kitu: maumivu, pumzi, mapigo ya moyo, tumbo, hofu. Ubongo hautaki kulala upande mmoja, kwa hiyo unapeleka watu wake nje kulemea. Chini kabisa ya ubongo, kwenye shina lake, kuna kiini kidogo ambacho wataalamu wanakiita kwa Kilatini jina lenye maana ya mahali pa buluu. Kazi yake ni kumwaga noradrenalini, kemikali inayomfanya mtu ashtuke, awe macho, moyo umpige. Dawa inakikandamiza kiini hicho. Nacho siku hadi siku kinaongeza juhudi ili kifikie kazi yake ya kawaida. Ndiyo maana kidonge kimoja hakitoshi tena, vinakuwa viwili, vinakuwa vitano. Kila upepo unapoongezeka, baharia mwingine anatoka nje.

Sasa upepo ukatike ghafla. Wale wote walioko nje kwenye tengo wanakiangusha chombo upande wao. Hiyo ndiyo arosto. Kila kilichotulizwa kinafurika kinyume chake. Aliyekuwa na choo kigumu anaharisha. Aliyekuwa na mboni ndogo kama tundu la sindano, mboni zake zinapanuka hadi mwanga wa taa unamuumiza. Aliyekuwa hasikii maumivu anaumwa hadi nywele. Vinyweleo vinasimama kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, pua na macho yanatiririka, miayo haikomi, jasho na baridi vinampata kwa pamoja, miguu haitulii.

Na mguu uliovunjika zamani? Ule ndio ulionifundisha zaidi. Dawa za jamii hii zikitumika muda mrefu, mishipa ya fahamu inakuwa mikali kuliko ilivyokuwa kabla, na zinapokatishwa maumivu ya zamani yanarudi yamekuzwa. Mdogo wangu hakuwa mwongo. Aliumwa kweli, ila mfupa ulikuwa mzima. Wengi hurudi kwenye vidonge kwa mlango huu huu: wanasema, "Unaona, mguu haujapona, nahitaji dawa." Maumivu hayo ni sehemu ya arosto na yanapungua kadiri siku zinavyokwenda. Angeambiwa hilo kabla ya kuingia chumbani, angeuvumilia usiku ule kwa namna nyingine.

Tramadoli ina mikono miwili

Hapa tramadoli inatofautiana na unga. Mbali na kukaa kwenye vipokezi vya afyuni, inazuia noradrenalini na serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, zisirudi haraka zilikotoka, kazi inayofanana na ya dawa za sonona. Kwa hiyo anayeiacha ghafla anaweza kupata arosto mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni hiyo niliyoieleza. Ya pili huwapata baadhi tu, nayo ni ya kichwani: hofu ya ghafla inayokaba kifua, kuona au kusikia visivyokuwepo, ganzi na mchomo mikononi, hisia ya shoti za umeme ndani ya fuvu.

Halafu kuna mtukutiko. Tramadoli yenyewe, hasa mtu akizidisha kipimo au akichanganya na dawa za sonona, inaweza kumwangusha mtu kama mwenye kifafa: mwili unakakamaa, unatetemeka, povu linatoka, hata kama hajawahi kuugua kifafa maishani. Mjini kwetu jambo hili linapoonekana, na likifuatana na yale ya kuona visivyokuwepo, wazee husema kijana amepandwa, na safari inaanza ya kwenda kwa mganga. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Naomba tu kwamba kabla ya safari hiyo mtu aulizwe, kwa upole na faraghani, anakunywa vidonge gani na vingapi. Na mtukutiko ukizidi dakika tano, au ukijirudia kabla hajazinduka, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Dua inaweza kusomwa njiani.

Ndani ya chumba

Tramadoli ya kawaida hupungua nusu mwilini kila baada ya takriban saa 6. Kwa hiyo arosto huanza kati ya nusu siku na siku nzima tangu kidonge cha mwisho, inakuwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha inalegea, na kwa wengi mateso ya mwili yanapita ndani ya wiki moja au siku kumi. Kujua ratiba hii ni dawa ya aina yake. Mtu aliye usiku wa tatu anaamini kwamba itakuwa hivi milele. Kumwambia, "Hapa ndipo juu kabisa, kesho kutwa inashuka," ni kumpa kitu cha kushika.

Arosto ya afyuni peke yake ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya. Kinachoweza kumuua ni maji kumwishia, kwa kutapika na kuharisha huku hanywi chochote. Mama mdogo alikuwa akipitisha bilauri ya maji dirishani mara mbili kwa siku, akidhani inatosha. Haitoshi. Inatakiwa ORS, ile dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kidogo kidogo mchana na usiku, hata kwa kijiko ikiwa anatapika. Isipopatikana, lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vipimwe kwa kijiko kilichosawazishwa juu. Dafu, ambalo Tanga halikosekani, ni zuri na linapendwa na mgonjwa, lakini chumvi yake ni ndogo. Lisishike nafasi ya ORS. Uji mwepesi, maji ya moto ya kujikanda miguu, shuka kavu la kubadilisha kila anapolowa jasho: hivi vinasaidia kuliko tunavyodhani.

Hospitali wanazo dawa za kupunguza makali. Klonidini, ambayo asili yake ni dawa ya presha, inakituliza kile kiini cha noradrenalini, kwa hiyo inapunguza jasho, mapigo ya moyo na ule msukosuko. Lakini inashusha presha, na mgonjwa aliyekaukiwa maji anaweza kuanguka akisimama, ndiyo sababu haifai kununuliwa tu na kunywewa. Za kuharisha, za kutapika, parasetamo au aibuprofeni kwa maumivu ya misuli, zote zipo. Loperamaidi ya kuharisha inywewe kwa kipimo chake tu, kwa maana ikizidishwa inavuruga moyo.

Kuna watu ambao hawapaswi kabisa kufungiwa chumbani. Mjamzito ni wa kwanza: kukatisha ghafla kunaweza kumdhuru mtoto tumboni au kuleta uchungu kabla ya wakati, naye ana njia yake salama ya tiba. Wa pili ni anayetumia pia pombe kila siku au valiamu, vile vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi. Hivyo viwili, tofauti na afyuni, vinaweza kuua kwa arosto yake peke yake, kwa mtukutiko. Wengine ni aliyewahi kuanguka kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo, na yule anayesema anataka kufa. Maneno ya mwisho yasichukuliwe kuwa ni ya kutafuta huruma. Hofu ya arosto pamoja na aibu ya kuitwa teja vimewafikisha vijana wengi pabaya.

Na Ramadhani. Wengi hapa kwetu huweka nia ya kuacha mwezi mtukufu, na nia hiyo ni njema. Mwezi una nidhamu, kijiwe kinapoa, nyumba nzima inaamka pamoja daku. Lakini kufunga huku unaharisha na kutapika ni kuukausha mwili. Aya ya 184 ya Suratul Baqara inampa mgonjwa ruhusa ya kuzilipa siku hizo baadaye. Aliye kwenye arosto ni mgonjwa. Mzee wa nyumba amwambie hivyo kwa mdomo wake mwenyewe, maana kijana hatathubutu kuomba.

Kushuka ngazi kwa ngazi

Mara ya pili mdogo wangu hakufungiwa. Daktari aliyempokea baada ya siku ya nane alimwuliza vidonge vingapi, akaandika bila kukunja uso, akasema hatutakata kamba, tutailegeza. Turudi kwenye ngalawa: upepo ukipungua polepole, mabaharia wanarudi ndani mmoja mmoja na chombo hakiyumbi sana.

Kawaida hupunguzwa takriban asilimia 10 kwa hatua. Kwa aliyetumia muda mfupi hatua inaweza kuwa wiki. Kwa aliyetumia mwaka na zaidi, inaweza kuwa mwezi. Yeye alianza kwa kushuka kidonge kimoja baada ya wiki mbili. Mama mdogo ndiye aliyeshika dawa, kwenye kopo la maziwa lililofungiwa kabatini, akimpa za siku moja tu.

Ipo hesabu hapa ambayo inawaangusha wengi. Kutoka vidonge kumi kwenda tisa ni kupunguza sehemu moja ya kumi. Kutoka viwili kwenda kimoja ni kupunguza nusu. Kidonge kimoja kilekile, lakini mwili unakihisi mara tano zaidi. Mtu anashuka vizuri miezi miwili, anafika viwili, anasema, "Nimeshafika, nimalizie," na arosto inampiga kama vile hakuwahi kuanza. Ngazi za mwisho ndizo za kwenda polepole zaidi. Alipofika vitatu daktari alimwongezea muda kila hatua, na baadaye akatanua nafasi kati ya kidonge na kidonge. Ilichukua karibu miezi saba. Mara mbili alikwama na kukaa palepale wiki kadhaa. Daktari alisema kusimama ngazini si kurudi chini, mradi usipande.

Kwa wengine kushuka hakuwezekani, na hasa kwa walioingia kwenye unga. Kwao ipo methadoni, nayo ni ya jamii ileile ya afyuni lakini hutolewa kama tiba. Tanzania ilianza tiba hii Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na baadaye kliniki zikaenea mikoani. Tanga ipo katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Mgonjwa anakwenda kila siku, anakunywa dawa ya maji mbele ya mhudumu, anarudi kwenye shughuli zake. Methadoni inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo hakuna kupanda na kushuka, hakuna arosto ya asubuhi inayompeleka mtu kuiba nyaya. Anaanzishwa kwa kipimo kidogo kwa sababu inajikusanya mwilini siku hadi siku, na wiki za kwanza ni za kuwa mwangalifu sana na pombe na dawa za usingizi.

Nimesikia mara nyingi barazani: "Hiyo ni kumwondoa mtu kwenye dawa moja na kumtia nyingine." Neno kasumba, kabla hatujalitumia kwa fikra zilizoganda, lilikuwa jina la afyuni yenyewe, na kauli hii naiona ni kasumba kwa maana zote mbili. Mwili wa anayetumia methadoni ni kweli umeizoea, na akikatisha ghafla atapata arosto, tena inayochelewa kuja na kuchelewa kuondoka. Lakini uraibu, ule wa akili yote kuelekea dukani, umelala. Anafanya kazi, analea, analala. Methadoni na buprenorfini, dawa nyingine ya tiba ya namna hii, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005. Anayetumia vidonge tu asijiamulie kama inamfaa au haimfai. Aende apimwe, au apige 119, simu ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, aelekezwe. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, tunazoziita soba, ambako walioacha wanaishi pamoja na kusimamiana. Kabla ya kumpeleka mtu huko uliza swali moja: mgonjwa akizidiwa usiku, mnampeleka hospitali gani? Wasiokuwa na jibu, mtafutie pengine.

Siku ya nane yenyewe

Sasa nieleze kilichotokea baada ya pilau. Siku saba ndani ya chumba, wale mabaharia wote walikuwa wamerudi ndani ya ngalawa. Mwili ulikuwa umeondoa uzito wake wa kulemea. Lakini usingizi haukurudi; usingizi ndio wa mwisho kurudi, wakati mwingine baada ya wiki nyingi. Alikuwa amelala labda saa tano kwa jumla tangu aingie chumbani. Rafiki mmoja akampa valiamu mbili, kwa wema. Hazikumtosha. Ndipo akakumbuka kwamba ana vidonge vyake alivyoficha ndani ya soli ya kiatu, akanywa kumi, kile kipimo chake cha kila siku cha zamani.

Upepo uleule, na hakuna mtu kwenye tengo.

Kipimo ambacho wiki iliyopita kilimfanya tu aweze kusimama, sasa kilitosha kuuzima ule mtambo wa ubongo unaoamrisha pumzi. Valiamu ikaongeza uzito upande uleule. Ndiyo maana wanaotoka soba, wanaotoka gerezani na wanaotoka chumba cha uani hufa katika siku na wiki za kwanza, na watu husema msibani, "Lakini alikuwa ameshaacha!" Ni kwa sababu alikuwa ameshaacha.

Dalili zake ni za kujifunza kama tunavyojifunza za malaria. Mkoromo mzito usio wa kawaida. Pumzi chache, zenye vituo virefu. Midomo na kucha vinabadilika rangi; kwa mtu mweusi angalia ndani ya mdomo na kwenye kucha. Mboni zinakuwa ndogo sana, japo kwa tramadoli si lazima. Unamwita, unamfinya, haamki. Usimwache alale akidhaniwa amechoka. Usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa, yataingia mapafuni. Ikiwa pumzi ni hafifu au zimesimama, inua kidevu kichwa kirudi nyuma, ziba pua, mpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde tano. Akipumua mwenyewe, mlaze ubavu, goti la juu likiwa limekunjwa. Wakati huohuo mtu mwingine anatafuta usafiri. Hospitali wana naloksoni, sindano inayoing'oa dawa kwenye vipokezi kwa dakika chache. Kwa tramadoli wanaitoa kwa uangalifu kwa sababu ya mtukutiko, na inaweza kuisha nguvu kabla dawa haijaisha, kwa hiyo mgonjwa asitoroshwe mara tu anapofumbua macho. Kwetu alifumbua macho akataka kwenda nyumbani kwa aibu. Mama mdogo alimkalia miguuni hadi asubuhi.

Kwa hiyo mtu yeyote anayeanza kuacha, aambiwe mapema na mbele ya familia: ukiteleza, na wengi huteleza, usirudi kwenye kipimo chako cha zamani, usitumie ukiwa peke yako na mlango umefungwa, usichanganye na pombe wala valiamu, na utuambie. Najua wapo wanaoona kwamba kusema hivyo ni kumpa ruhusa. Mimi nimeona midomo ya zambarau. Afadhali aniambie.

Baada ya arosto kuna kipindi kirefu kisicho na jina zuri. Wiki, mara nyingi miezi. Chakula hakina ladha, taarabu haina raha, mpira wa Mkwakwani anauangalia kama ukuta. Ubongo uliozoea furaha ya kuletewa unajifunza polepole kuitengeneza tena. Katika kipindi hiki kitu kidogo kinatosha kuamsha hamu: harufu ya petroli alfajiri, sauti ya kidonge kikipasuliwa kutoka kwenye karatasi yake, namba fulani kwenye simu. Mdogo wangu alibadilisha laini na akahama kijiwe, akawa anapaki Chumbageni badala ya pale alipozoea. Mguu aliupeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na jioni alikuwa anatembea ufukweni pole pole hadi jua linazama, kwa kuwa kuchoka mwili kulimletea usingizi ambao vidonge vilimnyang'anya.

Mama mdogo naye ilimbidi ajifunze. Mwanzoni kila asubuhi alikuwa anamwuliza, "Umepona?" na kila asubuhi kijana alikuwa anajibu ndiyo, kwa kuwa hilo ndilo jibu ambalo mama anaweza kulibeba. Siku moja aliacha kuliuliza. Nilikuwapo, nakunywa chai barazani. Alimwekea chapati, akaketi mkabala naye, akamwuliza, "Jana ulilala saa ngapi?"

"Saa tisa, mama. Mguu ulinisumbua."

"Na vile vidonge, ulivikumbuka?"

Alinyamaza kidogo, akaitazama chapati. "Nilivikumbuka."

"Haya. Kula, kisha tutembee wote."

Wakatoka, yeye amevaa ndara zake, kanga ileile begani.